Kilekile au Sawa? Historia ya Ulinganishaji wa Usawa baina ya Violesura katika Lugha za Programu zenye Msingi wa Vitu, 1960–2023

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya swali moja katika taaluma ya lugha za programu: vitu viwili vinavyojulikana kupitia violesura vyao tu vinawezaje kuhukumiwa kuwa ni sawa? Swali hili linaibua mgongano wa msingi, kwa kuwa kiolesura huficha umbo la ndani la kitu, ilhali hukumu ya usawa huelekea kuhitaji kuliona umbo hilo. Insha inachunguza majibu yaliyotolewa na COM, Delphi, CORBA, Java, C# na Go, baada ya kueleza mizizi ya tatizo katika Lisp, Simula, Smalltalk na CLU. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya majibu hayo ni tofauti kuhusu mamlaka: nani amepewa haki ya kuwa hakimu wa usawa. Aidha, insha inabainisha kwamba pale ambapo miili tofauti ya kiolesura kimoja iliweza kuwa sawa bila kuvunja kanuni za usawa, mafanikio hayo yalitokana na ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya kiolesura chenyewe. Hayakutokana na alama wala sarufi ya lugha.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa alama zote anazozitumia mwanaprogramu, alama ya usawa ndiyo inayoonekana kuwa na maana iliyo wazi kuliko nyingine. Moja ni sawa na moja, na neno "nyumba" ni sawa na neno "nyumba". Hata hivyo, uwazi huo hutoweka mara tu tunapotoka katika namba na kuingia katika vitu vyenye hali ya ndani, na hutoweka zaidi pale ambapo vitu hivyo havijulikani kwa umbile lake bali kwa huduma vinazozitoa. Hapo swali la usawa huacha kuwa la hesabu na kuwa la usanifu.

Umuhimu wa swali hili unatokana na jinsi kosa lake linavyojitokeza. Programu inayogawanya kwa sifuri husimama na kutoa taarifa. Programu inayotumia maana isiyo sahihi ya usawa huendelea kufanya kazi: seti isiyotakiwa kuwa na marudio huweka kitu kimoja mara mbili, jedwali hushindwa kukipata kitu kilichomo ndani yake, na sharti ambalo lingetimia halitimii. Hakuna kinachovunjika, bali majibu ndiyo yanayokuwa ya uongo. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa wabunifu wa lugha kuhusu maana ya usawa umekuwa na athari kubwa kuliko ufupi wa alama yenyewe.

2.0 Istilahi za Msingi

Katika insha hii, kitu ni kipande cha kumbukumbu ya kompyuta chenye hali yake na operesheni zake. Klasi ni ramani ambayo kwayo vitu hujengwa. Kielekezi ni thamani inayoonyesha mahali kitu kilipo. Kiolesura ni orodha ya operesheni ambazo kitu kinaahidi kuzitekeleza, bila kusema zitatekelezwaje. Kitu kimoja kinaweza kuwa na violesura vingi, na kiolesura kimoja kinaweza kutekelezwa na klasi nyingi zisizo na undugu wowote.

Kiswahili kina tofauti inayofaa sana mjadala huu. Tukisema "shati hili ni lilelile la jana", tunazungumzia utambulisho: kuna shati moja tu. Tukisema "shati hili ni sawa na la jana", tunazungumzia usawa: yaweza kuwa mashati mawili yasiyotofautiana katika lile tunalolijali. Kauli ya kwanza haina daraja, kwani shati ama ni lilelile ama si lilelile. Kauli ya pili daima hubeba swali ndani yake: sawa katika nini, na kwa kipimo cha nani? Insha itatumia "utambulisho" kwa maana ya kwanza na "usawa" kwa maana ya pili.

3.0 Mizizi ya Tatizo: Lisp, Simula na Smalltalk

Tofauti kati ya utambulisho na usawa ilitangulia lugha zenye msingi wa vitu. Katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu Lisp, John McCarthy alitoa operesheni mbili. Ya kwanza, eq, ilifafanuliwa kwa atomu pekee, yaani kwa alama zisizogawanyika. Ya pili, equal, ilijengwa juu ya ile ya kwanza kwa kujirudia: orodha mbili ni sawa ikiwa sehemu zake zinazolingana ni sawa. Ni muhimu kutambua kwamba operesheni hii ya pili iliwezekana kwa sababu umbo la orodha lilikuwa wazi kwa kila mtu. Hakukuwa na kitu kilichofichwa.

Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa katika kituo cha kompyuta cha Norsk Regnesentral mjini Oslo, waliiingiza tofauti hiyo katika sarufi ya Simula 67. Humo alama ya = ililinganisha thamani, na alama ya == ililinganisha vielekezi. Kwa matini, alama zote mbili ziliruhusiwa na zilikuwa na maana mbili tofauti: kama herufi zilizoandikwa zinalingana, au kama ni matini ileile katika kumbukumbu. Kwa vitu vya klasi, lugha ilitoa ulinganishaji wa vielekezi tu. Mwanaprogramu aliyetaka usawa wa yaliyomo alipaswa kuuandika mwenyewe.

Smalltalk-80, iliyotokana na utafiti wa Xerox PARC huko California, ilipiga hatua iliyobadilisha kabisa sura ya suala hili. Katika Smalltalk, kila operesheni ni ujumbe unaotumwa kwa kitu, na usawa haukuachwa nje ya kanuni hiyo. Alama ya == ilibaki kuwa ya utambulisho, lakini alama ya = ikawa ujumbe ambao kila klasi inaweza kuupa maana yake. Klasi isiyoupa maana mpya hurithi ile ya utambulisho. Kuanzia hapo, katika mfano wa a = b, kitu a ndicho kinachopokea ujumbe na kutoa hukumu juu ya b. Mmoja wa wahusika wawili ndiye aliyefanywa hakimu. Matatizo mengi ya miongo iliyofuata, kama itakavyoonekana, yanatokana na uamuzi huu wenye mantiki na wenye hatari.

4.0 Ukuta wa Ufichaji

Wakati Smalltalk ikikua, tapo jingine lilikuwa likijengwa. Barbara Liskov na wenzake katika chuo cha MIT walibuni CLU kuanzia katikati ya miaka ya 1970, lugha iliyojengwa juu ya aina dhahania za data. Katika CLU, umbo la ndani la aina hufichwa kwa watumiaji wa nje, lakini operesheni za aina hiyo huliona umbo la hoja zote mbili. Hivyo, operesheni ya kulinganisha haikupata shida, kwani iliingia ndani ya nyumba zote mbili kwa ufunguo mmoja. CLU ilitofautisha equal, ambayo kwa vitu vinavyobadilika ilimaanisha kitu kilekile, na similar, ambayo ilimaanisha vitu vyenye hali inayofanana.

Mwaka 1975, John Reynolds alionyesha kwamba kuna njia mbili za ufichaji zinazokamilishana, na kwamba kila moja ina udhaifu wake. Ya kwanza ni ile ya aina dhahania, ambapo umbo ni moja na linajulikana ndani ya aina. Ya pili ni ile ambayo kila thamani hubeba taratibu zake yenyewe, hivyo thamani mbili za aina moja zinaweza kuwa na maumbo tofauti. Njia ya pili ni rahisi kupanuliwa, lakini operesheni inayohusisha thamani mbili haiwezi kuona ndani ya ile nyingine. William Cook alilirudia suala hili kwa kina katika insha yake ya mwaka 2009, akisisitiza kwamba vitu na aina dhahania si jambo moja. Violesura vya lugha za leo ni vya njia ya pili.

Mfano utasaidia kulifafanua hilo. Tuchukue kiolesura kiitwacho Kalenda chenye operesheni moja tu: ukikipa tarehe, kinakujibu kama siku hiyo ni ya mapumziko. Klasi ya kwanza inakitekeleza kwa kuhifadhi jedwali la tarehe. Klasi ya pili haihifadhi kitu, bali hukokotoa: kila siku ya saba ni ya mapumziko. Je, kalenda hizi mbili ni sawa? Kupitia dirisha la kiolesura, tunaweza kuthibitisha kwamba si sawa kwa kupata tarehe moja ambayo majibu yake yanatofautiana. Lakini hatuwezi kuthibitisha kwamba ni sawa, kwa sababu tarehe hazina mwisho. Kiolesura kinachoruhusu swali la "je, siku hii?" hakitoi njia ya kujibu swali la "je, siku zote?"

Nadharia ya aina iligundua upande mwingine wa tatizo hilohilo. Katika Eiffel, lugha ya Bertrand Meyer, operesheni is_equal ilitangazwa kupokea kitu cha aina ileile ya mpokeaji, na aina hiyo ilibadilika kufuatana na klasi rithi. Mwaka 1989 Cook alionyesha kwamba mpango wa namna hii unatoboa usalama wa mfumo wa aina: kitu cha klasi rithi kinaweza kutumiwa mahali pa mzazi wake, kisha kikaletewa kulinganishwa na kitu kisichokuwa na sehemu kinazozitegemea. Mwaka 1995, Kim Bruce, Luca Cardelli, Giuseppe Castagna, Gary Leavens, Benjamin Pierce na wenzao walitoa makala iliyokusanya masuluhisho yaliyokuwapo kwa operesheni za namna hii, ambazo huhusisha vitu viwili vya aina moja. Hawakupata suluhisho moja lililoshinda mengine yote, bali kila moja lilidai malipo mahali fulani.

5.0 Jibu la Kwanza: Anwani kama Hakimu

Wakati wanazuoni wakijadili hayo, tasnia ilihitaji jibu la haraka. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa COM, mfumo wa kuunganisha vipande vya programu vilivyoandikwa kwa lugha tofauti. Katika COM, mteja hakishiki kitu kamwe, bali hushika kielekezi cha mojawapo ya violesura vyake. Akitaka kiolesura kingine cha kitu hichohicho, hukiomba kupitia operesheni iitwayo QueryInterface.

Hapa ndipo ulinganishaji wa violesura ulipokuwa tatizo la kila siku. Kitu kimoja chenye violesura vitatu kinaweza kutoa vielekezi vitatu vyenye anwani tofauti, kwa kuwa kila kiolesura kina jedwali lake la operesheni. Baadhi ya vitu vilikwenda mbali zaidi na kuunda kiolesura pale tu kinapoombwa. Hivyo, vielekezi viwili visivyolingana vinaweza kuwa vya kitu kimoja. COM ilitatua hali hii kwa kanuni: kila kitu kitakapoombwa kiolesura cha msingi kiitwacho IUnknown, lazima kirudishe anwani ileile siku zote. Ili kujua kama violesura viwili ni vya kitu kilekile, mteja aliombe kila kimoja IUnknown yake, kisha alinganishe anwani mbili zilizorudishwa. Kanuni hiyo haikusema lolote kuhusu violesura vingine, wala haikugusa usawa wa yaliyomo.

Delphi 3 ya Borland, iliyotolewa mwaka 1997, ilivileta violesura ndani ya lugha ya Object Pascal ikifuata muundo wa COM. Alama ya = kati ya vibadilika viwili vya kiolesura ililinganisha vielekezi kama vilivyo. Mwanaprogramu aliyeshika kitu kimoja kupitia violesura viwili angeweza kuambiwa kwamba havilingani, isipokuwa avigeuze vyote viwili kwanza kuwa IUnknown. Alama ilikuwa fupi, lakini maana yake ilimtaka mtumiaji ajue kanuni iliyoandikwa nje ya lugha.

CORBA, mfumo wa vitu vilivyosambazwa katika kompyuta nyingi, ulikutana na swali hilohilo katika mazingira magumu zaidi. Rejeo la kitu linaweza kupita katika mitandao na mawakala wengi, na mfumo hauwezi kuhakikisha kwamba marejeo mawili yanaonekana sawa hata kama yanaelekea kitu kimoja. Operesheni yake, is_equivalent, ilipewa maana isiyolingana pande zote: jibu la ndiyo linamaanisha kitu ni kilekile, lakini jibu la hapana halimaanishi kwamba vitu ni viwili. Huenda huu ndio uaminifu mkubwa zaidi katika historia hii, kwani mfumo ulitangaza mpaka wa ujuzi wake badala ya kutoa jibu la uongo.

6.0 Jibu la Pili: Mkataba kama Hakimu

Java ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1996, ikiwa na violesura kama sehemu ya msingi ya lugha. Ilifuata Smalltalk kwa kutoa njia mbili, ingawa kwa alama tofauti: == kwa utambulisho na operesheni equals kwa usawa. Kwa kuwa kila kitu katika Java ni cha ukoo wa klasi Object, kila kibadilika cha kiolesura kinaweza kutumiwa equals, hata kama kiolesura hakikuitaja.

Hata sheria za kompaila zilionyesha kwamba violesura vina hadhi ya pekee. Kompaila ya Java hukataa == kati ya vibadilika vya klasi mbili zisizo na undugu, kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kuwa cha zote mbili. Lakini upande mmoja ukiwa kiolesura na mwingine klasi isiyofungwa, ulinganishaji huruhusiwa, kwa sababu siku moja yaweza kuandikwa klasi rithi inayokitekeleza kiolesura hicho. Uwezekano tu wa mtekelezaji wa baadaye unatosha kumzuia mlinzi asifunge mlango.

Maelezo ya equals yaliweka masharti matano: kila kitu kiwe sawa na chenyewe, a ikiwa sawa na b, basi b iwe sawa na a, a ikiwa sawa na b, na b ikiwa sawa na c, basi a iwe sawa na c, jibu lisibadilike pasipo mabadiliko ya hali, na kitu chochote kisiwe sawa na rejeo tupu. Sharti la pili ndilo lililovunjwa kwa urahisi, kwa sababu hakimu ni mmoja wa wahusika na hakuna kinachomlazimisha mwenzake akubaliane naye. Mfano maarufu umo ndani ya maktaba ya Java yenyewe: Date inaweza kujiona kuwa sawa na Timestamp, ambayo ni klasi rithi yake, ilhali Timestamp haijioni kuwa sawa na Date. Joshua Bloch, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu matumizi bora ya Java, alieleza kwamba hakuna njia ya kuirithi klasi inayoweza kuunda vitu, kuiongezea sehemu mpya ya thamani, na bado kuhifadhi masharti ya equals.

Jibu lenye mafanikio zaidi lilikuja Desemba 1998 pamoja na maktaba ya makusanyo katika Java 1.2, iliyobuniwa na Bloch. Humo kiolesura List kilibeba maelezo yanayosema kwamba orodha mbili ni sawa ikiwa tu zote mbili ni List, zina idadi moja, na vipengele vyake vinalingana kwa mpangilio uleule. Hivyo, ArrayList iliyojengwa juu ya safu na LinkedList iliyojengwa kwa viungo zinaweza kuwa sawa, ingawa miili yake haifanani hata kidogo. Maelezo hayo hayakuishia hapo. Kwa kuwa vitu vilivyo sawa lazima vitoe namba moja ya heshi, yaani namba ambayo jedwali huitumia kujua kitu kimewekwa wapi, kiolesura kiliamuru pia hesabu yenyewe: anza na 1, kisha kwa kila kipengele zidisha kwa 31 na ongeza namba ya heshi ya kipengele hicho. Kwa kiolesura Set, namba hiyo ni jumla ya namba za vipengele vyote, kwa sababu katika seti mpangilio si hoja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba masharti haya yote yaliandikwa kwa lugha ya binadamu, katika maelezo ya kiolesura. Kompaila haiyasomi wala haiyalindi. Aidha, yalikuwa na gharama. Maelezo ya kiolesura Collection yanaonya kwamba klasi isiyokuwa List wala Set, ikijitungia usawa wake, lazima ikatae kuwa sawa na orodha au seti yoyote, la sivyo ulinganifu wa pande mbili utavunjika. Ukoo unaokubaliana juu ya usawa hupata amani ya ndani kwa kuwafungia nje wasiokuwa wa ukoo huo.

Udhaifu wa ahadi isiyolindwa huonekana katika klasi BigDecimal. Kwa equals, namba 2.0 na 2.00 si sawa, kwa kuwa idadi ya tarakimu za desimali inatofautiana. Kwa operesheni ya upangaji, compareTo, namba hizo ni sawa. Seti ya aina ya HashSet hutumia equals na itaziweka zote mbili. Seti ya aina ya TreeSet hutumia upangaji na itaiweka moja tu. Kiolesura ni kimoja, Set, na vitu vilivyotiwa ni vilevile, lakini idadi inatofautiana. Kwa maneno mengine, mahakimu wawili wameketi katika mahakama moja.

Java 8 ya mwaka 2014 iliruhusu violesura kubeba miili ya operesheni kwa mara ya kwanza. Ingetarajiwa kwamba sasa List ingepewa equals yake ndani ya lugha. Badala yake, lugha ilikataza waziwazi kiolesura kutoa mwili wa equals, hashCode au toString. Sababu moja ni kanuni kwamba mwili uliorithiwa kutoka klasi hushinda ule wa kiolesura. Kwa kuwa kila klasi hurithi equals kutoka Object, mwili wa kiolesura usingetumika kamwe. Uamuzi uliofanywa 1996, wa kumpa kila mtu equals, ndio ulioufunga mlango huo miaka 18 baadaye.

7.0 Jibu la Tatu: Aina Iliyotangazwa kama Hakimu

C# 1.0, iliyotoka mwaka 2002, iliruhusu klasi kuipa alama ya == maana yake yenyewe. Hata hivyo, maana itakayotumika huchaguliwa na kompaila kwa kuangalia aina iliyotangazwa ya kibadilika, bila kukitazama kitu chenyewe wakati programu ikiendelea. Matini mbili zenye herufi zilezile, zikitangazwa kuwa string, ni sawa kwa ==. Matini hizohizo zikishikwa kupitia vibadilika vya kiolesura IComparable, alama hiyohiyo hulinganisha marejeo, na jibu laweza kugeuka kuwa hapana. Vitu havikubadilika, kilichobadilika ni jina la dirisha linalotazamiwa.

Wabunifu wa jukwaa hilo walijibu kwa kuongeza njia nyingine mwaka 2005. Kiolesura IEquatable kilimruhusu mtekelezaji kutangaza kwamba anajua kujilinganisha na aina fulani. Kiolesura IEqualityComparer kilifanya jambo tofauti zaidi: kilimtoa hakimu nje ya vitu vyote viwili na kumfanya kuwa kitu cha tatu, kinachokabidhiwa kwa jedwali au seti inapoundwa. Kwa njia hii, kesi ya hakimu kuwa mmoja wa wahusika ilikwisha, na vitu vilevile viliweza kupimwa kwa vipimo tofauti katika makusanyo tofauti. Gharama yake ni kwamba usawa ulikoma kuwa sifa ya kitu na kuwa sifa ya mahali kilipowekwa.

8.0 Jibu la Nne: Aina Halisi kama Hakimu

Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009 na kubuniwa na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, ilichagua njia isiyomshirikisha mwanaprogramu. Thamani ya kiolesura katika Go ni jozi: aina halisi ya kilichomo, na thamani yake. Thamani mbili za kiolesura ni sawa kwa == ikiwa aina zake halisi ni moja na thamani zake ni sawa, au ikiwa zote mbili ni tupu. Hakuna klasi inayoweza kubadilisha maana hiyo.

Uamuzi huu uliondoa ukosefu wa ulinganifu kwa pigo moja, kwani hakuna upande unaopewa kauli. Lakini uliondoa pia uwezekano wa ArrayList na LinkedList: miili miwili tofauti ya kiolesura kimoja haiwezi kuwa sawa chini ya ==. Isitoshe, baadhi ya aina, kama safu zenye urefu unaobadilika, hazilinganishiki. Kwa kuwa kiolesura huficha kilichomo, kompaila haiwezi kujua mapema, na programu hukatika wakati wa kuendeshwa. Vilevile, kiolesura kilichobeba kielekezi tupu si sawa na kiolesura tupu, kwa sababu cha kwanza bado kina aina ndani yake, jambo ambalo limewakwaza wanaoanza kujifunza lugha hii kwa miaka mingi.

Go ilipoongezewa vigezo vya aina katika toleo la 1.18 la Machi 2022, sharti liitwalo comparable liliyaacha nje violesura vya kawaida, kwa hofu ya kukatika huko. Toleo la 1.20 la Februari 2023 lililegeza sharti hilo na kuviruhusu, huku likikubali kwamba ulinganishaji unaweza kushindikana wakati wa kuendeshwa. Kwa hiyo, katika muda usiozidi mwaka mmoja, lugha moja ilitoa majibu mawili kwa swali la kama violesura ni vitu vinavyolinganishika.

9.0 Mjadala

Ukiyaweka majibu haya pamoja, mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, hakuna jibu lililotokana na uzembe. COM ilikuwa na violesura vyenye anwani nyingi, ikahitaji utambulisho ulio imara. CORBA ilikuwa na mitandao, ikahitaji kukiri mpaka wake. Java ilirithi ujumbe wa Smalltalk, C# ilitaka alama zinazoamuliwa na kompaila, na Go ilitaka kanuni moja isiyobadilishwa na mtu. Kila mfumo ulimchagua hakimu aliyeyafaa mazingira yake, kisha ukalipa gharama mahali pengine.

Pili, mfano wa Kalenda unaeleza kwa nini List ilifaulu pale ambapo violesura vingi hushindwa. List ina idadi yenye mwisho na njia ya kufikia kila kipengele, hivyo dirisha lake ni pana kiasi cha kuonyesha yote yanayohusika na usawa. Juu ya upana huo uliongezwa mkataba unaomfunga kila mtekelezaji. Pasipo upana, mkataba hauwezi kutekelezwa. Na pasipo mkataba, kila mtekelezaji atajitungia kipimo chake hata kama dirisha ni pana. Masharti haya mawili ni ya msanifu wa kiolesura, wala lugha haiwezi kuyatimiza kwa niaba yake.

10.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya kulinganisha violesura, tangu operesheni mbili za McCarthy hadi kulegezwa kwa sharti la Go mwaka 2023, ni historia ya kuhamishwa kwa mamlaka: kutoka kwenye anwani, kwenda kwa mpokeaji wa ujumbe, kwa aina iliyotangazwa, kwa hakimu wa nje, na kwa aina halisi. Utambulisho ulipata majibu ya kiufundi yanayoridhisha. Usawa haukupata, kwa sababu swali la "sawa katika nini?" haliwezi kujibiwa na mashine ambayo haikuambiwa kitu kinatumika kwa ajili ya nini. Kwa hiyo, mtafiti au msanifu anayetangaza kiolesura kipya anapaswa kuamua mapema kama vitu vitakavyokitekeleza vitalinganishwa kwa usawa, au kwa utambulisho tu, na kuliandika jibu hilo mahali ambapo kila mtekelezaji atalisoma. Asipoliandika, lugha itatoa jibu lake badala yake, na programu itaendelea kufanya kazi bila kumwonya mtu yeyote kwamba jibu hilo silo.